Jani la Mirungi na Kipimo Chake

Sisi tukaao Mazinde, chini ya milima ya Usambara, twajua kuwa zamani za Semboja misafara ilipita hapa na kuacha habari za mbali. Habari ya leo, wasomaji wapenzi, ni ya jani liotalo katika milima yetu wenyewe, nalo ni mirungi. Ndugu zetu wa Meru, nchi ya Kenya, huiita miraa na kuiuza kwa halali. Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2015 yaikataza. Basi watu wakibishana jani hili lina nguvu kiasi gani, nani atawaamua?

Jina la Catha edulis lilitolewa na Forsskål, mjuzi wa mimea aliyefia Yemen mwaka 1763. Mwaka 1887 Flückiger na Gerock walitoa katika majani dawa waliyoiita katini. Lakini katini ni dhaifu kuliko jani bichi, na jambo hili lilikuwa fumbo hata mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa ilipoipata katinoni. Hiyo ndiyo yenye nguvu, nayo hugeuka katini jani linaponyauka. Kwa hiyo wauzaji huyafunga majani kwa majani ya mgomba na kuyasafirisha mbio. Kumbe mtafunaji alijua kabla ya mwanachuoni!

Dawa hizi zikiwa katika maji yenye asidi kidogo hupata chaji ya umeme, na chembe ya namna hiyo huitwa ioni. Mwaka 1906 Cremer aliona kuwa kioo chembamba kati ya maji mawili yenye asidi mbalimbali huzaa umeme. Mwaka 1970 Moody, Oke na Thomas, huko Wales, walitumia ngozi ya plastiki badala ya kioo. Ngozi hiyo ni kama bawabu: huikubali ioni moja kuliko nyingine. Ioni yenye chaji moja ikizidi mara kumi, umeme hubadilika kwa milivolti 59 hivi, katika joto la digrii 25. Elektrodi za namna hii zimekwisha tengenezwa kwa efedrini, ndugu wa katini.

Lakini bawabu huyu huweza kudanganywa na ndugu wafananao. Katini na katinoni zikiwamo pamoja, hesabu yake yaweza kuzichanganya. Ndiyo maana wakemia hupenda kuzitenganisha kwanza, kisha kupima kila moja peke yake.