Kijaluba cha Babu

Mwezi Juni mwaka huu mwanangu wa kwanza alitimiza umri wa miaka 18. Katika ukoo wetu, huku milimani Taita, siku kama hiyo ina shughuli moja isiyo na ngoma wala karamu. Baba hufungua sanduku la mbao, hutoa kijaluba cha bati kilichobonyea pembe, na kumkabidhi kijana kabla hajaenda kwa chifu kuomba barua ya kitambulisho. Mimi nilikabidhiwa mwaka 1998. Baba yangu alikabidhiwa na babu mwaka 1963, mwaka wa uhuru wenyewe. Safari hii zamu ya kukabidhi ilikuwa yangu, nami nilisita kwa majuma mawili.

Kijaluba hicho ndicho babu alichokivaa shingoni kikiwa na kipande chake ndani. Wasomaji wangu vijana wanalijua neno kipande, kwa maana wazee wangali wanakiita hivyo kitambulisho cha leo, lakini wengi hawajui lilikotoka. Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Kuu ya Kwanza, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 aandikishwe, achukuliwe alama za vidole, na asitoke nje ya hifadhi yake bila karatasi hiyo. Humo mliandikwa jina, kabila, mahali anakotoka, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuajiriwa na siku ya kuachishwa. Uzito wote ulikuwa katika hiyo siku ya kuachishwa. Mwajiri asipotia saini, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Akiondoka bila saini, alikuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Mlowezi mmoja mwenye hasira aliweza kumfunga mtu kwa kalamu tu, bila pingu.

Karatasi huchakaa, ndiyo maana kukawa na kasha la chuma na kamba ya kulining'iniza. Katika nchi ya Wakikuyu watu walilifananisha na kengele anayovalishwa mbuzi. Machi 1922, Harry Thuku alipokamatwa baada ya kuhutubia watu juu ya kodi, mishahara na kipande, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi, karibu na kilipo Chuo Kikuu leo. Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume waliokuwa wakitaka kutawanyika. Risasi zikalia. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, na Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Yeye kama mwanamke hakutakiwa kuvaa kipande.

Babu aliandikishwa yapata mwaka 1928, akaenda kukata mkonge upande wa Voi. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake ulikadiriwa kwa macho. Hapa ndipo mimi mwanahistoria husimama kila mara. Kabla ya hapo, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba mvulana fulani amekuwa mtu mzima? Wazee wake, rika lake, waliomtia jandoni, mama aliyemwona akirudi na sauti nyingine. Ghafla mamlaka hayo yalihamia mezani kwa karani aliyemtazama kijana juu hadi chini na kuandika kwamba huyu anafaa kulipa kodi na kufanya kazi. Jando liliendelea, bila shaka. Ila ushahidi wa utu uzima ulikuwa sasa unaning'inia kifuani.

Nilipoanza kusoma majalada ya enzi hizo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, nilirudi nyumbani nimewaka. Nikamwambia baba kwamba tumekuwa tukirithishana kola ya mtumwa na kuiita heshima. Hakupandisha sauti. Alisema, "Babu yako alinilipia karo kwa mkonge. Wewe umesoma kwa karo ile ile, leo unamwita mtumwa." Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: karatasi haimo kwa sababu babu aliichoma mwenyewe, akabakiza kasha na kulitilia ugoro. Kwa miaka mingi alikuwa akilifungua mbele ya chifu, akinusa polepole, akilifunga. Tulikaa siku nyingi bila kusemezana vizuri, baba na mimi, na ninakiri kwamba kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimejifunza sheria kabla ya kujifunza namna watu walivyoishi ndani yake.

Kipande cha Waafrika peke yao kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1947 iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe. Walowezi walipoambiwa kwamba nao watatoa alama za vidole, walipiga kelele kwamba wanafanywa wahalifu. Sina la kuongeza hapo. Wanawake walingoja hadi marekebisho ya mwaka 1978. Mama yangu alikuwa ameshazaa watoto watatu serikali ilipomtambua kwa kadi kuwa mtu mzima.

Kilichonifanya nisite mwaka huu, hata hivyo, ni jambo la baadaye. Chuoni nililala chumba kimoja na kijana Mnubi kutoka Kibera. Mimi nilipata kitambulisho kwa barua ya chifu na nakala ya kitambulisho cha baba. Yeye alipelekwa mbele ya kamati kupigwa msasa, na mmoja wa wazee pale akamwuliza kama ana kipande cha babu yake. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza. Alirudi chumbani akakiona kijaluba changu juu ya meza, akakishika muda mrefu. "Wewe unacho," alisema, "wala hukuulizwa." Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilizikiuka haki za watoto wa Kinubi. Wamakonde, walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, iliwabidi watembee kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016. Walipopewa vitambulisho mwaka uliofuata, miongoni mwao walikuwamo watu wenye wajukuu. Februari 2025 Rais alitangaza kufutwa kwa msasa kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Maafisa wa usajili mnaonisoma mnajua kuliko mimi kama mezani kwenu swali la babu limekoma.

Basi alama ya kufungwa kwa babu ilikuwa imegeuka kuwa stakabadhi ya mwenyeji. Aliyenyanyaswa na karatasi akaacha ushahidi. Ambaye babu yake hakuandikwa hapa anaambiwa hana asili. Je, nimpe mwanangu kitu hicho nikimwambia ni fahari?

Nilimpa jioni, mbele ya baba yangu. Nilimsomea sheria ya 1915, na mzee akamsimulia habari ya ugoro. Hatukupatana tulichokuwa tukimkabidhi, nasi hatukujaribu kuficha. Kijana alikinusa, akapiga chafya, akauliza yule Mnubi alikipata kitambulisho chake lini. Nilimjibu: baada ya miaka minne.

Wiki iliyofuata alikwenda kujiandikisha, akapewa karatasi ya kusubiria. Aliikunja mara mbili na kuitia kijalubani. Iliingia sawasawa.