Asili ya Ushauri Nasaha wa Mbali

Wengi hudhani kuwa ushauri nasaha wa mbali, ambao mshauri na mwenye haja huonana katika kioo cha kompyuta au cha simu, ulizaliwa pamoja na intaneti. Dhana hiyo si sahihi. Barua ilitangulia, ikafuata simu, kisha televisheni. Na kila chombo kilipoingia kazini kilizua swali lile lile: ni nani yule aliye upande wa pili, naye atajibu kwa nani akikosea?

Mwaka 1908, mjini Vienna, mtoto wa umri wa karibu miaka mitano aliingiwa na hofu kuu ya farasi, hata akachelea kutoka nje. Baba yake, Max Graf, alimpelekea Sigmund Freud habari za mtoto kwa maandishi, na Freud akamwelekeza baba la kufanya. Freud aliitangaza habari hiyo mwaka 1909. Katika muda wote wa matibabu alimwona mtoto mara moja tu. Kama tafsiri yake ya hofu ile ilikuwa ya haki, hilo ni shauri jingine, na wapo wanaoikataa hata leo. Walakini haikanushiki kuwa tiba ile ilisafiri katika bahasha.

Simu ilikuwa na kisa kizito zaidi. Mwaka 1935 kijana mmoja wa kazi ya kanisa nchini Uingereza, Chad Varah, alisimamia maziko yake ya kwanza. Maiti alikuwa msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana yule alikuwa amevunja ungo, akadhani kuwa damu ile ni ugonjwa wa aibu, wala hakupata mtu wa kumwuliza. Neno moja la mtu mzima lingalimwokoa. Varah hakuisahau siku ile. Mwaka 1953, alipopewa uangalizi wa kanisa la St Stephen Walbrook katikati ya London, aliwatangazia watu waliokata tamaa kuwa wampigie simu, na tarehe 2 Novemba mwaka ule simu ya kwanza ikalia. Nambari yake ilikuwa MAN 9000.

Watu walikuja pia kwa miguu, wakangoja zamu zao, na wasaidizi wa kujitolea wakawapa chai na kuongea nao. Hapo Varah aligundua jambo ambalo hakulitazamia: wengi waliokwisha kuongea na wasaidizi hawakuhitaji tena kumwona yeye. Mwezi wa Februari 1954 aliwakabidhi wale wasaidizi kazi ya kusikiliza. Ndio mwanzo wa Wasamaria. Ni vema kutambua kuwa watu hawa hawakujidai kuwa matabibu. Walikuwa marafiki wa saa ya dhiki. Tofauti hii baina ya msikilizaji mwema na mshauri mwenye taaluma imechanganywa sana siku hizi, kwa hasara ya wote wawili.

Huko Marekani, Taasisi ya Magonjwa ya Akili ya Nebraska, mjini Omaha, ilianza mwaka 1959 kutumia televisheni ya pande mbili, na hata matibabu ya wagonjwa katika vikundi yakafanywa kwa njia hiyo. Mwaka 1964 iliungwa na hospitali ya Norfolk, umbali wa maili 112.

Kisha kikaja kioja. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa chuo cha MIT, alitangaza programu iitwayo ELIZA, iliyoiga mazungumzo ya tabibu wa nafsi kwa kuyageuza maneno ya mtu yakawa maswali. Haikufahamu neno hata moja. Hata hivyo karani wake, aliyeiona ikitungwa, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo kwa faragha. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akatoa kitabu cha kuonya kuwa ziko kazi zisizopasa kuachiwa mashine.

Mwaka ule ule wa 1976 jimbo la Virginia lilikuwa la kwanza Marekani kutunga sheria ya leseni kwa washauri nasaha. Kabla ya hapo cheo hicho kilikuwa nguo isiyo na mwenyewe. Yeyote aliweza kuivaa. California ilikuwa ya mwisho, mwaka 2009. Kenya ilipitisha sheria yake ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Leseni ina maana kuwa mshauri amesoma, amesimamiwa, amefanya mtihani, na kwamba ipo bodi inayoweza kumnyang'anya kazi.

Maradhi ya korona yalipofunga milango mwaka 2020, yaliyokuwa desturi ya wachache yakawa ya umma. Biashara nayo ikaja mbio. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliitoza kampuni moja mashuhuri ya ushauri wa mtandaoni dola milioni 7.8, kwa shutuma ya kuwapa watangazaji wa biashara habari za wateja ilizoahidi kuzificha. Siri ambayo mtu hakuweza kumwambia ndugu yake iligeuzwa bidhaa.

Lakini taabu kubwa ni mipaka. Waya hauna mpaka, leseni inao. Kwa desturi ya sheria za Marekani, mazungumzo huhesabiwa kuwa yamefanyika pale alipoketi mwenye haja. Mwanafunzi aliyezoea mshauri wake California, akirudi likizo kwao Nevada, aweza kumkosa ingawa sauti yafika bila dosari. Majimbo yameanza kupatana juu ya jambo hili, na mwaka 2022 mapatano ya washauri yalitimiza idadi ya majimbo kumi iliyohitajiwa. Kwa sababu hiyo mshauri mwangalifu huanza kwa kuuliza: uko wapi sasa hivi, na nani aliye karibu nawe? Wengine hukereka, wakidhani ni udadisi wa makarani. Sheria ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba mwenye haja akitamka kuwa anataka kujiua, mshauri aliye mbali nao hana mkono wa kumshika, bali ana anwani ya kuwapa watakaokwenda kugonga mlango wake.