Mchoraji Nyuma ya Ubao

Apelles, aliyemchora Aleksanda Mkuu, alikuwa na desturi ya kuanika kazi zake barazani, kisha akajibanza nyuma ya ubao asikilize wapita njia wanasema nini. Pliny, Mrumi aliyeandika habari zake miaka mia nne hivi baadaye, anasimulia kwamba siku moja alipita fundi viatu, akatazama, akasema kiatu kile pichani kimepungua kitanzi. Apelles akarekebisha. Kesho yake fundi akarudi, akaona neno lake limesikika, kichwa kikamvimba, akaanza kuukosoa na mguu. Hapo Apelles akachomoza na kumwambia fundi viatu aishie kwenye viatu.

Kila kijana anayechora kwenye tableti usiku wa manane na kuipeleka kazi yake kwa watu asiowajua anamfahamu fundi yule. Anajua kwamba kuhusu kiatu mara nyingi ana haki. Anaijua pia hamu ya kujibanza.

Kiswahili chetu kimeuweka ugomvi mzima wa historia ya mchoraji na kamera ndani ya neno moja. Iliyotoka kwenye kamera na iliyotoka mkononi zote tunaziita picha, tofauti tunakiachia kitenzi: moja hupigwa, nyingine huchorwa. Sasa ukiichora iliyopigwa, umefanya nini? Swali hilo limewakosesha wachoraji wengi usingizi, na wengi walilijibu kwa kuficha.

Kamera ilikuwa chumba kabla ya kuwa mashine. Kwa Kilatini neno lenyewe maana yake ni chumba. Mwanzoni mwa karne ya 11, huko Cairo, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alichunguza mwanga unaopenya tundu dogo na kuingia gizani, akaeleza jinsi umbo la jua lililopatwa linavyojitokeza upande wa pili. Mwaka 1558, kule Napoli, Giambattista della Porta alichapisha kitabu kilichowashauri wasiojua kuchora waweke karatasi pale picha inapoangukia, wafuatishe mistari kwa kalamu. Ni wachache waliokiri hadharani kuufuata ushauri huo. Mabishano kuhusu Johannes Vermeer wa Delft hayajaisha mpaka leo: nuru katika picha zake ina vidoa vya kumeta kama vinavyoonekana kupitia lenzi isiyolenga sawasawa, lakini hakuacha hata barua moja ya kueleza alivyofanya kazi. Mwaka 2001 David Hockney, mchoraji wa Kiingereza, alipotoa kitabu akidai kwamba mabingwa wengi wa zamani walitumia lenzi na vioo, baadhi ya wanahistoria wa sanaa walimjia juu kana kwamba amewatukania wazee wao.

Agosti 1839 Ufaransa ilitangaza wazi njia ya Louis Daguerre ya kuinasa sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Tangu hapo mchoraji hakuhitaji tena kumwomba mtu akae kimya kwa saa tatu. Mchoraji Eugène Delacroix hakuona haya. Mwaka 1854 alishirikiana na Eugène Durieu kupiga picha za watu waliokaa uchi, akazitumia kufanyia mazoezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliwafanyia wageni wake jaribio: aliwaonyesha kwanza picha zilizopigwa, halafu michoro ya Marcantonio Raimondi, bingwa wa karne ya 16. Michoro iliyokuwa ikisifiwa kila siku ghafla ikaonekana imepinda. Jicho likishaonjeshwa kamera halisahau.

Kule Edinburgh, David Octavius Hill alijitwisha mzigo ambao sidhani kama kuna mwanafunzi wa leo angeukubali. Mei 1843 mamia ya wachungaji walijitoa katika Kanisa la Scotland, naye akaapa kuwachora wote wakitia saini hati ya kujitoa. Kwa penseli peke yake asingefika popote, kwa hiyo alishirikiana na Robert Adamson, kijana fundi wa kamera, wakawapiga picha mmoja mmoja. Adamson alikufa mwaka 1848. Hill aliendelea kuchora hadi 1866, miaka 23 tangu siku ile, na turubai ikabeba sura zaidi ya 400. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila haipendezi. Kila mchungaji anaonekana amekuja na jua lake mwenyewe mfukoni. Vichwa vimebandikwa, havikukaa pamoja. Zile picha ndogo alizopiga na Adamson, zilizokuwa maandalizi tu, ndizo zinazotukuzwa leo. Hata hivyo Hill alifanya jambo la ungwana: katikati ya umati ule alijichora mwenyewe na daftari lake, akamchora na Adamson na kamera yake. Siri aliianika mbele ya kadamnasi.

Thomas Eakins wa Philadelphia hakuwa na moyo huo. Katika miaka ya 1880 alimulika picha zilizopigwa juu ya turubai, akatia alama ndogondogo kwa ncha kali, kisha akazifunika kwa rangi. Aliheshimiwa kwa jicho lake kali na kwa mwili wa binadamu alioujua kama daktari, na watunzaji wa makumbusho walizigundua alama hizo zaidi ya miaka 80 baada ya kifo chake. Nadhani hakuwa na sababu ya kuona aibu. Alama ile humwonyesha mtu goti liko wapi. Haimwambii goti lina uzito gani.

Kamera pia iliwaumbua wachoraji. Mwaka 1878, kule Palo Alto, Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari mmoja, farasi akapita mbio, na ikaonekana kwamba miguu yote minne huachana na ardhi wakati imekunjwa chini ya tumbo. Théodore Géricault, mwaka 1821, alikuwa amewachora farasi wa mashindano ya Epsom wamenyoosha miguu mbele na nyuma kama paka anayejinyoosha. Watu waliitazama picha hiyo zaidi ya nusu karne bila kushtuka. Ajabu ni kwamba farasi wa Géricault bado wanakimbia, na wa Muybridge, ukimtazama mmoja peke yake, amegandishwa hewani.

Hilo ndilo somo la kwanza analolipata anayejifunza kutokana na picha za kamera, na hulipata kwa uchungu. Kamera ikisogezwa karibu na uso huvimbisha pua na kuyafifisha masikio. Mwanafunzi huchora kwa uaminifu, akaambiwa amekosea, akakasirika kwa sababu ushahidi anao. Kivuli ambacho macho yangeona ndani yake kahawia na zambarau, kamera hukizamisha katika weusi. Anga la adhuhuri hulichoma likawa jeupe. Na anayetumia programu ana kishawishi ambacho Delacroix hakukijua: kifaa cha kunyonya rangi, unachokigusisha kwenye shavu la pichani nacho kikakupa rangi ileile. Ukilijaza shavu zima kwa rangi za kunyonya hivyo, mara nyingi hutoka uso wa matope, maana rangi haiishi peke yake. Inategemea jirani yake.

Dawa moja ni ya kale kuliko kamera. Leon Battista Alberti, katika kitabu chake cha mwaka 1435 kuhusu uchoraji, alimshauri mchoraji aipeleke kazi yake mbele ya kioo, kwa kuwa kasoro ambayo jicho limeizoea hujitokeza picha ikigeuzwa. Leo programu za kuchorea zina kitufe cha kugeuza turubai kushoto kulia, na ukikibonyeza mara ya kwanza utagundua jicho moja limepanda juu ya jingine. Alberti huyohuyo alimtaja Apelles nyuma ya ubao, akasema maoni ya watu wote yasikilizwe. Kioo na mpita njia: kwake vyote viwili vilikuwa macho ya kuazima.

Kwetu hakuna aliyeona haja ya kuficha. Mchoraji wa matatu Nairobi hubandika picha ya mwanamuziki au mwanasoka kando ya bodi la gari, akaikuza kwa miraba au kwa jicho tu, na makanga na abiria wakamwambia papo hapo kama ndiye au siye. Kule Katanga, nchini Kongo, picha za Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, akiwa amefungwa mikono, zilizosambaa duniani Desemba 1960, zilizaa michoro isiyohesabika. Mmoja wa waliomchora, Tshibumba Kanda Matulu, alimletea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake kwa michoro 101 kati ya 1973 na 1974. Wakaijadili mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili cha Katanga, mchoraji akieleza kwa nini ameweka hiki na kuacha kile.

Mwaka huohuo wa 1973, katika maabara za Xerox huko California, Richard Shoup aliwasha SuperPaint, mojawapo ya mitambo ya kwanza ya kuchora kwa kompyuta. Picha yake ya mwanzo haikuchorwa. Ilinaswa kwa kamera ya video: Shoup mwenyewe, ameshika karatasi inayotangaza kwamba chombo kinafanya kazi, kiasi. Hata Andy Warhol, alipoitwa jukwaani New York mwaka 1985 kuitangaza kompyuta ya Amiga, hakuanza na skrini tupu. Alinasa sura ya mwimbaji Debbie Harry kwa kamera, akaimwagia rangi. Uchoraji wa kidijiti ulizaliwa umeishika kamera mkono. Mengine yalikuja haraka: kalamu zinazohisi mkandamizo, Photoshop mwaka 1990, leya zinazokuwezesha kukosea bila kufuta. Mwaka 2009 Hockney, mzee wa zaidi ya miaka 70, alikuwa akichora maua kwenye simu kwa kidole na kuwatumia marafiki asubuhi hiyohiyo.

Mimi lakini naona badiliko kubwa halikuwa kalamu. Tangu mtandao wa wachoraji wa DeviantArt ufunguliwe mwaka 2000, kumezuka kizazi kinachoweka picha ya kamera na mchoro wake ubavuni, bila aibu, na kuomba kusahihishwa. Katika shule za Paris za karne ya 19 bwana alipita mara moja au mbili kwa wiki akisahihisha kazi za wanafunzi. Sasa mtu wa Manila huichukua kazi ya mtu wa Mwanza, akaongeza leya juu yake, akachora kwa mstari mwekundu bega lilipopaswa kuwa, akairudisha. Fundi viatu kapewa brashi.

Sheria haikuzoea uwazi huo. Shepard Fairey, aliyechora bango maarufu la Barack Obama mwaka 2008, alianza kwa kudai ametumia picha tofauti na ile ambayo shirika la habari la Associated Press lilisema ni yake, kisha mwaka 2009 akakiri kwamba alidanganya na kufuta ushahidi. Mwaka 2012 mahakama ilimtoza faini ya dola 25,000 na kumweka chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Kilichomwadhibu kilikuwa kule kuficha, maana kesi ya picha yenyewe ilishamalizwa kwa makubaliano.

Halafu ikaja 2022. Mashine za kuzalisha picha zilifunzwa kwa mabilioni ya picha zilizokusanywa kwenye intaneti, zikiwemo kazi ambazo wenyewe waliziweka hadharani ili wakosolewe. Desemba mwaka huo wachoraji walijaza mtandao wa ArtStation kwa alama ileile ya kupinga, ukurasa baada ya ukurasa. Machi 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa Glaze, programu inayoipaka picha utando hafifu wa mabadiliko yanayoichanganya mashine isiweze kuiga mtindo wa mchoraji, na wengi wakaanza kuutumia kabla ya kuonyesha chochote. Kwa jicho la binadamu mchoro haubadiliki sana, na fundi viatu bado anaweza kuona kitanzi kilichopungua. Anayewekewa pazia ni yule asiyesema neno kuhusu kiatu wala mguu, anayebeba ubao mzima akaenda nao.