Kanga Kabla ya Shamba

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Uhuru wenyewe ulikuwa wa kuombwa: mtumwa alikwenda mahakamani, tena aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria waliwekwa kando hadi 1909. Wamiliki ndio waliolipwa fidia. Aliyeachwa huru alitoka mikono mitupu, hana shamba wala mkarafuu. Ndiyo maana matumizi ya watu hawa yanafaa kuangaliwa. Tajiri anaweza kudai kuthamini chochote, maana hakuna kinachomlazimu kuchagua. Mwenye rupia mbili tatu hana budi.

Wengi waliikimbilia nguo. Utumwani mwanamke alivaa kaniki, yaani merikani iliyochovywa nili ikawa karibu na nyeusi, akaifunga kwapani, mabega nje. Kichwa kilikaa wazi na miguu peku, kwa kuwa kofia, kilemba na viatu vilikuwa alama za muungwana. Baada ya amri ile kaniki ikatupwa, zikaingia kanga za rangi: doti moja, upande mmoja wa kujifunga, wa pili wa kujitanda kichwani. Wanaume wakachukua kanzu na kofia. Miaka ikienda, hata buibui likavuka kutoka kwa mabibi wa Mji Mkongwe wa Unguja likafika Ng'ambo, upande wa pili wa mji.

Maofisa wa Kiingereza, waliotaka vibarua wa kuchuma karafuu, waliona uvivu na majivuno tu. Hoja hiyo ni nyepesi, kwani kanga hainunuliwi bila kufanya kazi. Walichokataa wengi ni kufanya kazi kwa masharti ya bwana yuleyule. Nzito zaidi ni hoja kwamba waliiga tu mabwana zao. Kwa kanzu na buibui, ina ukweli. Lakini kanga haikuwa vazi la mabibi wa Kiarabu, waliojulikana kwa suruali za marinda. Wanawake walioachwa huru waliifanya yao, na rangi na michoro yake ikabadilika kwa kufuata walichokubali kununua.

Yupo pia atakayesema kwamba pambo liliwasahaulisha ardhi. Lakini mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, wengi wao watumwa wa zamani na watoto wao, waligoma kulipa kodi ya viwanja vilivyojengwa nyumba zao. Kwa hiyo ardhi haikusahauliwa, ilitanguliwa. Aliyekuwa mali ya mtu alihitaji kwanza kutambuliwa kuwa mtu, na barazani au sokoni utambuzi huo ulianza na alichovaa, muda mrefu kabla hajasimama kubishana na mwenye kiwanja.