Aliyerudi Hai: Askari wa Keya Baada ya Burma



Kila ifikapo Novemba hapa Uingereza, watu hubandika ua jekundu la popi kifuani na kuwakumbuka waliokufa vitani. Mwaka jana nami nilikwenda Constitution Hill, London, ambako zipo nguzo nne za mawe zilizofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 2002 kwa heshima ya watu wa Bara Hindi, Afrika na Karibiani waliopigana upande wa Uingereza katika vita vikuu viwili. Nilisimama pale kwenye baridi nikamkumbuka babu yangu, mzaa mama, aliyekuwa dereva wa lori katika Keya. Yeye hakufa vitani. Alirudi nyumbani Taita mzima wa viungo, na alipenda kutuambia kwamba kurudi kulimsumbua kuliko kwenda.

Kwa watu wa kwetu, kila Mwafrika aliyevaa kaki ya Mwingereza aliitwa Keya, jina lililotokana na herufi za KAR, yaani King's African Rifles. Katika Vita vya Pili vya Dunia walioandikishwa Afrika Mashariki walizidi 300,000: takriban 98,000 kutoka Kenya, 87,000 kutoka Tanganyika, 77,000 kutoka Uganda, na wengine kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Walianza kwa kupambana na Waitaliano huko Somalia na Uhabeshi. Baadaye wengi walivushwa bahari hadi Ceylon, kisha Burma kupigana na Wajapani. Wapo ambao hata hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani, na watu zaidi ya 1,200 wakapotea, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliofika walipelekwa bonde la Kabaw katika nusu ya pili ya 1944, wakati wa masika ya kule, kwenye matope, malaria na mbung'o wa risasi kutoka msituni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita humo ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba mwaka huo.

Jeshi lilimfundisha kijana wa kijijini mambo mengi. Wapo waliojifunza udereva na ufundi wa magari, wapo waliojifunza kupeleka habari kwa simu ya upepo, kufunga majeraha, kutunza hesabu za bohari. Wengi walijifunzia humo kusoma na kuandika. Walimwona Mzungu akiogopa, akiugua na akifa kama wao. Walipita India wakasikia watu wakidai uhuru hadharani. Babu alikuwa akisema kwamba aliondoka kijana asiyejua Mombasa, akarudi mtu aliyeona Colombo na Calcutta.

Vita vikaisha 1945, na kuanzia hapo wakaanza kuachiwa kwa makundi. Kila mmoja alipewa cheti chake na kiinua mgongo. Hapo ndipo hesabu ilipokuwa tofauti. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo yalipangwa kwa rangi: askari wa kawaida Mzungu aliyeishi katika makoloni haya alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na mwenzake Mwafrika shilingi 3 na nusu. Risasi za Mjapani hazikuwa na hesabu hiyo.

Na si fedha tu. Nchini Kenya, maofisa Wazungu waliotoka vitani waliandaliwa mpango wa kupewa mashamba na mikopo katika nyanda za juu, kama wenzao walivyofanyiwa baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919. Askari Mwafrika hakuwekewa shamba. Serikali ilitoa mafunzo ya kazi kwa baadhi yao, hasa pale Jeanes School, Kabete, lakini nafasi zilikuwa chache mno kwa umati ule. Wengine waliingia polisi. Wengine walichanga viinua mgongo wakanunua lori bovu au kufungua duka, wakakwama kwenye leseni, madeni na uchache wa mtaji. Wengi zaidi walirudi kwenye jembe, kwenye vishamba vilevile ambavyo havikuwatosha hata kabla ya vita.

Babu alikwenda kutafuta kazi ya udereva Voi akiwa na cheti kilichosema kuwa ni dereva hodari mwenye tabia njema. La kwanza aliloulizwa ni kipande, kile kitambulisho ambacho Mwafrika wa Kenya alilazimika kukibeba ndani ya kikopo cha bati. Cheti hakikufunguliwa. Alipewa kazi ya utanboi, apakie na kupakua mizigo, na usukani akashika mtu ambaye babu alisema hakujua kulitoa gari kwenye matope. Aliyekuwa akiitwa koplo sasa akaitwa "boi" akiwa na miaka 26 na mke nyumbani. Alivumilia miezi minne, akarudi kulima. Nyumbani nako walimwona amebadilika. Alikuwa akishtuka usiku, hakutaka kelele za mvua kwenye mabati, na wazee walitaka atambikiwe. Hakukuwa na daktari wa kumwuliza ameona nini.

Wapo waliokataa kunyamaza. Waruhiu Itote alirudi kutoka Burma akafanya kazi ya kutia moto kwenye garimoshi la reli. Ameandika katika kitabu chake kwamba ni askari Mwingereza, huko vitani, aliyemwuliza yeye Mwafrika anapigania nini hasa. Baadaye akaingia msituni akajulikana kama Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Bildad Kaggia, aliyefika Mashariki ya Kati na Uingereza akiwa jeshini, alirudi akawa kiongozi wa wafanyakazi, na alikuwa mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria. Tanganyika nako, ndugu wawili Abdulwahid na Ally Sykes, wote askari wa vita hivyo, walikuwa miongoni mwa 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954.

Lakini tusitie chumvi. Wanahistoria wametukumbusha kwamba wengi wa askari wale hawakuingia siasa wala msituni. Walirudi wakanyamaza kama babu, na ukimya wao umetufanya tudhani waliridhika. Huko Nairobi kuna sanamu ya askari iliyosimamishwa 1928 kwa ajili ya vita vya kwanza. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanamwahidi anayekufa kuwa wanawe watamkumbuka. Ahadi ile ni ya wafu. Aliyerudi hai akitafuta kazi hakuandikiwa neno.

Sisi tulio ughaibuni tunaweza kumwelewa kidogo. Wangapi kati yetu tumefika huku na vyeti vyetu, vikakunjwa bila kusomwa, tukaanza upya na ufagio? Tofauti ni kwamba babu alifanyiwa hivyo nchini kwake, baada ya kuambiwa kuwa vita vile ni vyake pia.

Karibu wote wametangulia mbele ya haki. Babu alifariki 1991, na medali yake ya Burma Star hatujui iliko. Cheti kipo, kwenye sanduku la bati kwa mjomba, kimeliwa na mende pembeni. Nimemwomba akipige picha anitumie. Nanyi ndugu zangu, mkipiga simu nyumbani wiki hii, waulizeni wazee kama kuna sanduku kama hilo. Na mkilipata, msiulize tu alipigana wapi. Ulizeni aliporudi, alipewa kazi gani.