Ua la Majabali ya Usambara

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulieni habari za ua dogo ambalo Wazungu hulipanda vyunguni na kuliweka madirishani mwao. Husemwa kwamba lilivumbuliwa mwaka 1892 na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, Bwana Shauri wa Wadachi katika Tanga. Neno hilo "kuvumbuliwa" yatupasa kulitazama vema. Mmea huu huota katika nyufa za majabali yenye kivuli na unyevu, na watu wa milimani walikuwa wakipita mbele yake tangu zama za mababu zao. Tena, hata kwa Wazungu, Baron hakuwa wa kwanza. Mwaka 1884 Sir John Kirk, Balozi wa Kiingereza huko Unguja, aliuchuma. Na mwaka 1887 aliuchuma padre W. E. Taylor, ndiye yule aliyekusanya mithali za Waswahili. Mimea yao ilikaushwa, ikapelekwa Kew karibu na London. Lakini haikutosha kuelezwa sawasawa, ikakaa kimya ndani ya karatasi zake.

Je, Baron alizidi nini? Alimpelekea baba yake mbegu huko Ujerumani, na mzee huyo akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland akaziotesha, akangoja mpaka mimea ikachanua. Ndipo ilipoanza kazi yenyewe: kutazama jani laini kama mahameli, na ua la vipande vitano, viwili vya juu vidogo kuliko vitatu vya chini, na katikati vifuko viwili vya unga wa manjano, kisha kuyalinganisha hayo yote na mimea iliyokwisha kupewa jina. Asiione iliyo sawa nao. Mwaka 1893 akapiga chapa sifa zake, akauita Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kwa heshima ya Baron na babaye, la pili lenye asili ya Kiyunani, maana yake "wenye maua kama urujuani". Wala si urujuani, bali umefanana nao tu.

Kuna jambo latuchekesha kidogo. Mbegu zile zilitoka mahali pawili, karibu na Tanga na katika misitu ya Usambara, zikachanganyika. Baada ya miaka mingi wataalamu wakang'amua kwamba aina mbili zilikuwa zikiitwa kwa jina moja. Ya pili wakaiita confusa, yaani iliyochanganywa! Na mwaka 2015 wengine, walipokwisha kupima nasaba za mimea hii, waliitia katika jamaa kubwa ya Streptocarpus. Hivyo jina la Baron likaondoka mbele.

Mmea wenyewe haujali majina, ila wajali kivuli. Miti iliyo juu ya jabali ikikatwa, jua hulikausha, nao hufa ingawa hapana mkono uliougusa. Na ziko aina za jamaa yake zilizopata kuonekana katika mlima mmoja tu.