Ukanda wa Uzamaji na Ukubwa wa Matetemeko

Ukanda wa uzamaji ni mahali ambapo bamba moja la gandunia, yaani tabaka gumu la nje la dunia, hupita chini ya bamba jingine na kuteremka kuelekea koti ya dunia. Istilahi hii imetokana na kitenzi kuzama, nacho chafaa kuliko kudidimia, kwa kuwa bamba hupenya kwa mshazari. Lakini inataja mwendo, ilhali tetemeko huzaliwa na kukwama. Mabamba yanapogusana, msuguano huishikamanisha miamba yake kwa miaka mingi, huku bamba la chini likizidi kusukuma na la juu likipindika, mpaka mshiko unapoachia ghafla.

Ukubwa wa tetemeko hutegemea eneo la ufa lililoachia, umbali ambao miamba imeteleza na ugumu wa miamba hiyo, na ni katika eneo ndipo kanda zinapotofautiana zaidi. Kusini mwa Chile, bamba la Nazca, ambalo hapo bado ni changa, huingia chini ya Amerika Kusini kwa mteremko mdogo, hivyo sehemu inayokwama ni pana. Tena mashapo mengi yaliyoujaza mfereji wa bahari yamesawazisha vilima na mabonde ya sakafu yake, kiasi kwamba mpasuko ukishaanza haukutani upesi na kizuizi. Tarehe 22 Mei 1960 mpasuko wa huko ulienea karibu kilomita 1,000 na kuzaa tetemeko la ukubwa wa 9.5, ambalo halijapimwa jingine la kulishinda. Huko Mariana, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, bamba la Pasifiki lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 150 huteremka kwa mwinamo mkali, na hakuna tetemeko la 9 lililowahi kupimwa.

Mwaka 1979 wanasayansi Seiya Uyeda na Hiroo Kanamori walizichukua kanda hizo mbili kuwa ncha mbili za mpangilio mmoja, na kwa muda umri wa bamba ukaaminiwa kuwa kipimo cha hatari. Imani hiyo ilivunjwa na Japani mwaka 2011, ambako bamba kongwe lilizaa tetemeko la takriban 9. Vyombo vya kupimia vina zaidi kidogo tu ya karne moja, wakati mashapo ya pwani ya Chile yanaonyesha kuwa matetemeko yanayolingana na lile la 1960 hutengana kwa wastani wa karibu miaka 300. Kwa hiyo utulivu wa Mariana haujawa ushahidi wa usalama.